Wanasheria wa bure wako wengi, wewe uende kwa nani? Msaidizi wa kata, kliniki ya shirika, wakili wa kujitolea au hema la kampeni

Kijana mmoja mlinzi alinijia Jumatatu asubuhi na barua ya kuachishwa kazi. Alikuwa ameikunja mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika. Kabla sijasoma chochote nikatafuta tarehe, nikahesabu. Ilikuwa siku ya 41.

"Ulikuwa wapi muda wote huu, mdogo wangu?"

"Dada, niliambiwa mawakili wa bure watakuja uwanjani mwezi ujao. Nikasema acha nisubiri."

Mawakili walikuja kweli, tena walimsikiliza vizuri. Wakamwambia kile kile nilichomwambia mimi: malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu siku uliyoachishwa. Zikipita, kabla hujazungumzia kazi yako unaanza kwanza kuomba uongezewe muda na kueleza ulichelewa kwa nini. "Nilikuwa nasubiri msaada wa bure" ni sababu ngumu kuisimamia mbele ya mtu yeyote.

Nimekutana na wengi wa aina yake. Wanajua kwamba msaada wa kisheria wa bure upo, maana redio zinatangaza kila siku. Wasilolijua ni kwamba wanaoutoa wanatofautiana sana kwa mamlaka, kwa kasi na kwa umbali ambao wanaweza kukufikisha. Nitawalinganisha hapa, zaidi kwa Tanzania Bara ninakoishi. Jambo moja uelewe mapema: mimi ni msaidizi wa kisheria wa kata hapa Dar es Salaam. Sina leseni ya uwakili. Kwa hiyo kati ya milango minne nitakayoipima, mmoja ni wangu, na utanisamehe kama mahali fulani nitaonekana nimeupendelea.

Milango yenyewe

Wa kwanza ni wasaidizi wa kisheria, watu kama mimi. Tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, tumepewa mafunzo, na tunafanya kazi chini ya vikundi au mashirika yaliyosajiliwa. Ukimuuliza mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, atakuonyesha tulipo. Mara nyingi hatuna ofisi ya maana. Meza, viti viwili na daftari.

Wa pili ni kliniki za mashirika, yaani ofisi zao za msaada wa kisheria. Kuna Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, ambacho kazi yake ilianza 1989. Kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kilichoanza 1995, ambacho kliniki zake za Kinondoni na Arusha huwapokea na wanaume. Baadhi ya vyuo vikuu vinavyofundisha sheria navyo vina huduma hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo tangu zamani.

Wa tatu ni wakili wa kujitegemea anayebeba kesi yako bila malipo, ama kwa hiari yake, ama kupitia Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS, ama kwa kupangiwa na mahakama.

Wa nne ni kampeni na maonesho. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, imezunguka mikoani. Kila mwaka pia kuna Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, ambapo mahakama hutoka nje na kukaa na wananchi.

Mtaani wote hawa wanaitwa "wanasheria wa bure". Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Anayekushauri na anayekusimamia

Sheria ile ile iliyotutambua sisi wasaidizi inatukataza mambo mawili: kukutoza pesa, na kusimama mahakamani kwa niaba yako. Ninachoruhusiwa ni kukuelimisha, kukuonyesha chombo kinachohusika na shida yako, kukusaidia kufuata taratibu, kuwapatanisha pale pande zote mbili zinapotaka, na kukupeleka kwa wakili jambo linaponizidi kimo. Ukiniona nimevaa suti nyeusi mbele ya hakimu nasema "mheshimiwa, mteja wangu", nenda kanishtaki.

Kliniki inakwenda mbali zaidi. Hapo kuna wanasheria waliosoma shahada na mawakili kamili kati yao. Watakuandikia hati ya madai, majibu ya madai, sababu za rufaa, barua ya kumtaka mtu akulipe. Ila kesi wanazozibeba wenyewe hadi mahakamani ni chache kuliko wanazozishauri, kwa sababu wao ni wachache na benchi la nje limejaa. Huchagua: mjane anayetolewa kwenye nyumba, mtoto, mtu ambaye upande wa pili una wakili mkali, au kesi ambayo hukumu yake itawasaidia na wengine. Wengine wanaobaki hutoka na karatasi zilizoandikwa vizuri na maelekezo ya nini cha kusema.

Watu hukasirika sana hapo. "Wamenipa makaratasi tu." Mimi nawatetea. Kama kesi yako iko Mahakama ya Mwanzo, karatasi nzuri na maelezo yaliyopangika ni zaidi ya nusu ya safari. Kule lugha ni Kiswahili, taratibu ni nyepesi, na hakimu mwenyewe huuliza maswali. Kwa miaka mingi mawakili hawakuwa na nafasi kabisa kule, na mpaka leo watu wengi huingia peke yao. Tena kuna kifungu ambacho wachache wanakijua: mahakama ikiruhusu, ndugu yako au mtu mnayeishi nyumba moja anaweza kukusemea. Bibi asiyesikia vizuri hahitaji wakili wa kumsemea kuhusu deni la mahindi; mjukuu wake anatosha, mradi aombe ruhusa.

Mambo hubadilika kesi inapopanda. Mahakama ya Wilaya, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu: huko pingamizi moja la kisheria linaweza kuitupa kesi yako bila mtu kuuliza kama ulidhulumiwa au la. Hapo mlango wa tatu, wakili anayesimama nawe, ndio wenye thamani kuliko yote. Udhaifu wake ni kwamba faili lako linakaa meza moja na mafaili ya wanaolipa kodi ya ofisi yake. Nimeona mawakili wa kujitolea wanaopigana kana kwamba wamelipwa mamilioni, na nimeona wengine ambao kila tarehe wanatuma udhuru. Kinachokusaidia ni kuuliza mapema, bila aibu: unanisimamia mpaka hatua gani? Tukishindwa, rufaa imo? Ada za mahakama ni juu ya nani? Akuandikie hata kwenye karatasi moja. Wakili mzuri hatachukia.

Na hema la kampeni? Nguvu yake iko kwa walioketi humo zaidi ya uwakili wenyewe. Mara nyingi unamkuta afisa ardhi, polisi, ustawi wa jamii, watu wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, wote kwenye uwanja mmoja na wote wameambiwa wawahudumie wananchi. Jambo lililokuzungusha ofisi tano linaweza kuisha kabla ya adhuhuri. Mgogoro wa mpaka ambao afisa alikuwa "hayupo" miezi minane, siku hiyo yupo, amevaa na fulana ya kampeni. Lakini hema hukunjwa. Kabla hujaondoka ulizia ni ofisi gani itakayoendelea na faili lako, jina la mtu na namba ya simu. Ukiambiwa "tutakupigia", omba namba uwapigie wewe.

Siku kwanza

Mtu akiniuliza aende wapi kati ya milango minne, namwuliza kwanza: karatasi uliyopewa ina tarehe gani?

Kuachishwa kazi, siku 30 kufika CMA. Malalamiko mengine ya kazi, kama mishahara, siku 60. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo usiyoridhika nayo, siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Wito wa mahakama unakuambia wenyewe tarehe ya kufika, na usipofika kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja.

Sasa linganisha na kasi ya kila mlango. Mimi unanipata leo jioni, hata kwa kunigongea dirisha. Fomu namba 1 ya CMA nimeshaijaza na mtu tumekaa kwenye benchi la bodaboda, tukiazimana peni. Kliniki ina siku zake za kupokea watu wapya, na ukifika saa nne huenda namba zimekwisha. Hesabu siku moja ya kufika na nyingine ya kurudi na vielelezo. Wakili wa kujitolea kupitia chama au shirika huchukua muda zaidi, kwa sababu lazima ombi lako lipimwe na apatikane mwenye nafasi. Kampeni ndiyo yenye ratiba yake isiyojua ratiba yako.

Kwa hiyo ukibakiwa na siku chini ya kumi, usisubiri hema na usipange foleni ya kupata wakili wa kukubeba mpaka mwisho. Nenda kliniki alfajiri na useme neno hili mlangoni, kabla hujakaa: "Muda wangu unaisha tarehe fulani." Wanaopanga foleni wanajua maana yake. Kama kliniki iko mbali na nauli hakuna, msaidizi wa kata atakusaidia kuwahisha fomu, na mwanasheria ataiboresha kesi baadaye. Karatasi dhaifu iliyowahi ina nafasi ya kusahihishwa. Nzuri iliyochelewa inarudishwa dirishani.

Kwa shida gani, uanzie wapi

Ndoa. Wengi huja wakitaka wakili wa talaka moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, isipokuwa kwa mazingira machache, kwanza mpite baraza la usuluhishi la ndoa: la kata, au la dini, kama lile la BAKWATA kwa Waislamu au la kanisa lenu. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, watu wanaiita fomu namba 3, na bila hiyo hakimu atakurudisha. Hatua hii haihitaji wakili. Msaidizi wa kata anakutosha, na atakwambia ukumbushe baraza likupe hati hiyo, maana wengine husuluhisha mwaka mzima bila kuandika neno. Wakili au kliniki itafute pale mnapofika kwenye mgawanyo wa mali, hasa kama nyumba imeandikwa jina la mwenzio na wewe mchango wako ulikuwa kupika, kulea na kuuza maandazi. Mchango huo unahesabika, ila unahitaji mtu anayejua kuuthibitisha.

Kama kuna kipigo, usije kwangu kupatanishwa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, upate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ukatibiwe. Mimi nitakusindikiza, na hayo mengine tutazungumza baadaye. Wapo wasaidizi wanaokaa kusuluhisha kipigo sebuleni, na hao siwatetei.

Mirathi. Hii ndiyo kazi inayotujia kwa wingi. Kikao cha ukoo, muhtasari wenye saini, cheti cha kifo, kisha mahakamani kuomba usimamizi. Familia ikiwa imeelewana, msaidizi wa kata anatosha kuwapanga. Isipoelewana, yaani shamba limeshauzwa, kuna wosia wanaougombania, au kuna mke wa pili ambaye kikao hakikumwita, nendeni kliniki. Kuna na swali la ni sheria gani inatumika, ya mila, ya Kiislamu au ile ya Serikali, kwa sababu Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mbili za kwanza tu. Swali hilo usilimalize na mimi, mpelekee mwanasheria. Kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna njia ya mkato: Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke, kilichotengwa kwa ajili ya mashauri ya familia, mirathi na ndoa. Wadau wa msaada wa kisheria wamo humo humo. Nauli ya mara moja inafanya kazi ya mara tatu.

Ardhi. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linapatanisha. Lisipofanikiwa linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na likikaa siku 30 bila suluhu unaweza kuendelea mbele hata bila hati hiyo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwenye usuluhishi wa kata, msaidizi anayeufahamu mtaa ni bora kuliko wakili kutoka mjini. Anajua mti wa mpaka ulikatwa lini na nani aliushuhudia. Ukishavuka kwenda wilayani, hali inageuka. Mwenzio atakuja na wakili, na wewe ukienda na maneno matupu utarudi nayo. Kama utatumia bahati yako ya kupata wakili wa kujitolea mara moja tu maishani, mimi ningeshauri uitumie hapo.

Kazi nimeshaigusa. Naongeza tu kwamba CMA inaruhusu uwakilishwe na kiongozi wa chama cha wafanyakazi ambacho wewe ni mwanachama. Kama mshahara wako ulikuwa unakatwa ada ya chama, huyo ndiye wakili uliyekwisha kumlipa. Mtafute.

Jinai ni habari nyingine. Kwa mashtaka ya mauaji, mahakama humpangia mshtakiwa wakili anayelipwa na Serikali. Kwa makosa mengine pia, Sheria ya 2017 inampa jaji au hakimu uwezo wa kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apate msaada wa kisheria pale haki inapodai hivyo. Lakini mara nyingi mtu asiposema, jambo linapita. Ukiwa na ndugu rumande, mwambie siku ya kufikishwa mahakamani aseme kwa sauti: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria." Iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Wakati huo huo ninyi mlio nje muende kliniki na namba ya kesi mkononi. Bila namba ya kesi mtapoteza siku.

Bure yenye nauli

Hakuna mlango kati ya hii ambao hutatoa hata shilingi. Kuna nauli, kuna nakala za vielelezo, kuna ada ya kufungua shauri, kuna kiapo cha kugongewa mhuri. Kwangu gharama ni ndogo kwa kuwa unakuja kwa miguu, ila nikikuelekeza mbele, gharama zinaanza. Kliniki nyingi hazikutozi ushauri, lakini ada za mahakama kwa kawaida ni juu yako. Kwa kesi za madai, sheria ya mwenendo wa madai inaruhusu mtu maskini aombe kufungua shauri bila kulipa ada kwanza. Ombi hilo huandikwa rasmi, na hapo ndipo kliniki inapokufaa kuliko mimi.

Utatakiwa pia uonyeshe kwamba kipato chako ni kidogo. Barua ya serikali ya mtaa ndiyo inayotumika sana. Ichukue mapema, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Nimeona mtu akirudishwa kwa sababu kwenye barua ni Mwajuma na kwenye kitambulisho ni Mwanajuma. Na kama ofisini utaombwa "ya soda" ili upewe barua inayosema huna hela, mimi sina la kukwambia zaidi ya kwamba nimecheka hadharani mara moja na barua ikatoka.

Nani atasikia

Jambo hili haliandikwi kwenye vipeperushi. Msaidizi wa kata anaishi mtaani kwenu. Huenda ni shemeji wa mwenyekiti, huenda anauza duka ambako mume wako anakopa sigara. Tunafundishwa kutunza siri na wengi tunaitunza, lakini kama shida yako inamhusu mtu mkubwa wa mtaa, panda gari nenda kliniki ya mbali. Hutanikosea.

Hemani ni wazi zaidi. Nyuma yako wamepanga mstari watu kumi na watano wanaokujua, na mwanasheria anauliza kwa sauti kwa sababu spika za uwanjani zinapiga muziki. Swali la mpaka, sawa. Swali la ubakaji au la mtoto wa nje, omba kuonana pembeni au usubiri kliniki.

Kuna na suala la nani aliyetangulia. Mwanasheria aliyekwisha kumsikiliza mumeo hawezi tena kukushauri wewe dhidi yake. Kama mnagombana na kliniki ya karibu ni moja, wahi.

Mlango wa tano, ambao haujaandikwa

Nje ya mahakama, chini ya mti au kwenye kibanda cha kupiga chapa, yupo mtu mwenye briefkesi. Anajua majina ya makarani wote. Atakuandikia hati kwa elfu kumi, kisha elfu ishirini za "kuisukuma". Huyo ni kishoka. Wengine wanaandika Kiswahili kizuri kuliko mimi, sikatai, lakini hati iliyogongwa mhuri wa mtu asiye wakili inaweza kukuponza. Mahakama ina mfumo unaoitwa e-Wakili: unaandika jina la wakili kwenye simu na unaona kama yupo na kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai. Mhakiki hata yule wa bure. Mimi hutanikuta humo, na sitakiwi kuwemo.

Kwa walio Zanzibar na Kenya

Zanzibar ina sheria yake ya msaada wa kisheria, ya 2018, na kituo kikongwe ni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, chenye mtandao wa wasaidizi wa sheria katika majimbo ya Unguja na Pemba. Mashauri ya ndoa na mirathi ya Waislamu yanakwenda Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo uliza kabisa kama anayekushauri ameizoea.

Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 na chombo cha Serikali kilichoundwa kwa ajili hiyo hiyo. Mashirika mawili yanayojulikana zaidi ni Kituo Cha Sheria, kilichoanza 1973, na FIDA Kenya, cha 1985, ambacho huwasaidia wanawake. FIDA wana utaratibu wa kuwafundisha wateja kujisimamia wenyewe mahakamani, na ningependa uigwe huku kwetu kwa bidii zaidi.

Siku ya kwenda

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mmoja wa Mbagala kliniki. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, tukapata namba ya saba. Alikuwa na bahasha ya kaki imejaa: stakabadhi za kiwanja, picha ya marehemu mumewe, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana miaka kumi na tisa, barua za mtaa, karatasi za mahakama. Njia nzima alikuwa ananisimulia habari kuanzia mwaka waliooana.

Mwanasheria alikuwa binti mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba bahasha yako. Hadithi utanipa, lakini kwanza tupange karatasi."

Akazimwaga mezani akaanza kuzipanga kwa tarehe, ya zamani kushoto, ya karibuni kulia. Hakusoma hata moja. Mama akanitazama kama anayesema, huyu vipi? Ilipofika karibu na mwisho binti akasimama na karatasi moja mkononi, iliyokuwa imegandana na nyuma ya picha. Ilikuwa wito wa Baraza la Ardhi. Mama alisema kijana mmoja aliileta, akadhani ni ile ile ya mwanzo, akaitia bahashani.

Binti akachukua peni nyekundu, akaandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa: ALHAMISI SAA 3. Kisha akamrudishia mama bahasha yake tupu na kubaki na karatasi.

Mama akauliza kama ni Alhamisi hii ya keshokutwa. Ilikuwa ni hiyo.